Ng'ombe Aliyetolewa Damu Mara Tatu

Gaborone, 11 Machi 2018

Monametsi mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na kitambi chako. Mimi nipo, nakula, nalala, na kidonda cha titi la kulia walilolikata kimefunga vizuri. Wakikuuliza watu wa kanisani waambie hivyo hivyo, usiongeze lako. Mvua imefika Sehithwa? Mbuzi wangu wako wangapi? Nataka idadi. Usiniambie "wapo".

Nakuandikia kwa sababu simu siiamini. Chumba chetu hapa hosteli ya wagonjwa kina vitanda vinane, ndiyo kusema masikio kumi na sita, na kuna mama mmoja wa Kanye anayesikiliza hata akiwa anakoroma. Barua hii nampa kondakta wa basi la Maun. Najua ataiacha kwenye kibanda cha maandazi cha binamu Galeboe pale kituoni, na Galeboe unamjua. Tangu watu wazima walipoamua kutupa sote wawili jina la bibi, kila bahasha duniani anaiona ni yake. Kwa hiyo nimeifunga kwa gundi, na juu ya gundi nimebandika plasta ya hospitali. Ukiikuta plasta imekunjamana, ujue.

Sasa sikiliza. Baada ya wiki kama tano naanza kuchomwa mionzi kifuani. Hilo nilikwishalikubali. Lakini juzi amekuja nesi kijana, Mma Seleka, ana sauti tamu kuliko inavyostahili, akasema kabla ya mionzi wanataka damu yangu. Nikamwambia, damu yangu mlishaichukua, mpaka nafikiri mnaifuga. Akacheka. Akasema hii ni ya utafiti. Wanaiweka kwenye kichupa, wanakipiga kichupa mionzi badala ya kunipiga mimi, wanasubiri siku mbili, kisha wanahesabu chembe nyeupe zilizokufa. Hapo eti wanakadiria mwili wangu utaupokeaje moto huo miaka ijayo: nyama itabaki laini au itakakamaa, bega litanyanyuka au litagoma.

Nikamuuliza, na chembe zikifa nyingi? Akasema hiyo ni habari njema. Zikikataa kufa? Akasema hapo ndipo wanaangalia kwa makini zaidi.

Wewe umewahi kusikia daktari anayefurahia kufa? Mimi bado sijatia sahihi. Ulifanya kazi na madaktari wa mifugo, niambie: mtu akitaka damu ya kiumbe kabla hajamtibu, anatafuta nini?

Dada yako,
Galeboe


Sehithwa, 17 Machi 2018

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za jogoo wako ambaye bado anawika saa ya mchana kama mlevi. Sisi tu wazima. Goti langu linalia nikipanda ngazi, lakini Sehithwa ngazi ni moja tu, ile ya duka langu la dawa za mifugo, kwa hiyo napona kila nikishuka. Mvua ilipiga siku mbili ikakumbuka shughuli nyingine. Mbuzi wako ni kumi na tisa. Walikuwa ishirini, huyo mmoja tutamzungumza ukirudi na moyo ukiwa umetulia.

Plasta ilifika salama, ila ilikuwa inanukia mafuta ya maandazi. Nakuachia utafakari.

Umeniita mtu aliyefanya kazi na madaktari wa mifugo. Ahsante. Kazi yenyewe ilikuwa kushika mkia. Ng'ombe anaingizwa kwenye njia nyembamba ya uzio, daktari anachoma sindano shingoni, na mimi nimesimama nyuma nimeshika mkia, mahali ambapo kila kitu cha ng'ombe hutokea. Huo ndio utaalamu wangu, na mpaka leo watu wa hapa wananiita Daktari.

Lakini macho nilikuwa nayo. Mwaka ule wa homa ya mapafu ya ng'ombe, walianzaje? Walianza na sauti tamu. Walisema, tunataka damu kidogo tu, ng'ombe watatu kwa kila zizi, tunapima. Wakaandika namba kwenye vichupa, wakaondoka wakitupungia. Waliporudi walirudi na bunduki na mtambo wa kuchimba shimo. Hakuna aliyetuletea dawa. Baba alikaa kwenye kigoda siku nne.

Kwa hiyo swali lako nalijibu nilivyo, mtu wa mkia: anayechukua damu kabla ya kutibu anachagua nani atibiwe na nani asipotezewe muda. Labda wa binadamu ni tofauti. Mimi ningekuwa wewe nisingetoa mpaka waniambie sababu tatu, kwa maandishi.

Barua hii anakuletea binamu Galeboe mwenyewe. Anakuja huko kumwona mwanawe aliyejifungua, atakaa kama siku kumi. Amekubebea nyama kavu na viwavi vya mti wa mopane, vya kukaanga. Yeye ni mzima kama punda. Jana nimemwona akinyanyua gunia la unga peke yake huku akinitukana kwamba nimesimama tu. Bahasha nimeifunga kwa ule utepe wa kufungia vidonda vya farasi. Akiweza kuufungua huo bila kisu, tumpe duka.

Mdogo wako,
Monametsi


Gaborone, 29 Machi 2018

Monametsi,

Hujambo mdogo wangu, na goti lako halijambo? Mimi sijambo kabisa. Utepe wa farasi ulifika mzima.

Haya, mambo yamekuwa mazuri. Damu imetolewa tarehe ishirini na moja, na leo daktari ameniita. Amefurahi mpaka amevua miwani. Anasema chembe zimekufa kwa wingi, vizuri sana, ni nadra mtu kupata jibu kama hilo. Kwa hiyo nimewekwa kwenye fungu la muda mfupi: siku kumi na tano tu za mionzi, kila siku kipimo kikubwa zaidi, badala ya siku ishirini na tano za kipimo kidogo. Naanza Jumatatu tarehe kumi na sita Aprili, na kabla baridi haijakaza nitakuwa nyumbani. Mwambie yule mwenye nyumba za wageni kule ziwani asitafute fundi mwingine wa kuta. Kuta zake nitazikandika mimi, na michoro nitaiweka mimi, kwa mkono wangu.

Binamu Galeboe amenisaidia sana. Ni mtu mwema, tumemsema bure miaka yote hii. Anarudi na basi la leo, ndiye anayeibeba hii.

Huyo mbuzi mmoja nimemsamehe.

Dada yako,
Galeboe


Sehithwa, 4 Aprili 2018

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta unakula na kulala. Sisi huku hatuna neno, isipokuwa mimi nina moja, nalo linanikosesha raha ya chai.

Nimekujua miaka hamsini na miwili. Hujawahi kumsamehe mtu mbuzi. Mwaka ule nilipompoteza dume la baba ulinilipiza hadi siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe. Leo unaniambia umenisamehe kwa mstari mmoja? Na unamwita Galeboe mtu mwema, kwa maandishi, ndani ya bahasha aliyoibeba yeye? Nikaiweka barua mezani nikaitazama kama ninavyomtazama mteja anayelipa kabla hajaulizwa.

Nikaenda kibandani kununua maandazi. Galeboe alikuwa amekunja mikono ya gauni. Ndani ya kiwiko cha kushoto kuna alama ya kijani na njano, ukubwa wa sarafu. Nikamuuliza, "Umeumia, binamu?" Akasema, "Nimeng'atwa na mbu." Nikasema, "Huyo mbu alikuwa na shahada." Akanitupia maandazi manne ingawa niliomba matatu, akaniambia niende zangu. Unajua Galeboe haongezi andazi. Mwanawe wa huku ananiambia tangu arudi kutoka Gaborone anadai maini, eti arudishe damu.

Kwa hiyo nakuuliza, na nakuuliza kama mtu anayekupenda: ile damu iliyomfurahisha daktari mpaka akavua miwani ni ya Galeboe yupi?

Kabla hujanijibu kwa ukali, nisikilize kidogo. Nilikwenda zahanati kwa nesi wetu, Rra Kgosidintsi, nikajidai naulizia mteja wangu. Akanichorea kwenye karatasi ya dawa. Anasema si utabiri, ni makadirio, lakini si upuuzi. Mtu ambaye chembe zake zinakufa haraka kichupani, mara nyingi nyama yake hustahimili vipimo vikubwa. Mtu ambaye chembe zake zinakataa kufa, huyo akipigwa kwa nguvu, miaka miwili mitatu baadaye kifua hukakamaa kama ngozi isiyolainishwa na bega linafunga. Nikamuuliza, bega la upande gani? Akasema upande uliochomwa.

Wako ni wa kulia, dada. Ndio mkono wa kukandika.

Mdogo wako,
Monametsi


Gaborone, 9 Aprili 2018

Monametsi,

Salamu. Afya yangu waulize wao.

Unauliza kama hakimu, wakati wewe ndiye uliyenipa kesi. Nani aliniandikia kwamba anayechukua damu anachagua nani asipotezewe muda? Niliisoma barua yako mara tatu. Nikalala chali nikasikia bunduki. Nikasema, nikitoa yangu wakaikuta mbovu, watanifungisha virago: mama, rudi nyumbani, ukapumzike na mbuzi wako. Mama wa kitanda cha pili walikuwa wamemrudisha Ijumaa iliyotangulia. Hakuna aliyetuambia kwa nini.

Ndiyo. Ni ya binamu Galeboe. Nilimfanya Phatshwana.

Usijidai umesahau. Wakati wanataka damu ya ng'ombe watatu, baba alimpeleka Phatshwana, yule jike mwenye madoa meusi na meupe aliyekuwa mzima kuliko sisi sote. Akampeleka mara tatu. Mara ya kwanza alivyo. Mara ya pili mimi nilimpaka udongo mweupe madoa yote mpaka akawa kama maziwa. Mara ya tatu nilimpaka udongo mwekundu. Mkono huu huu. Na wewe ulikuwa nyuma umeshika mkia, vidole vikachafuka udongo, ukanyamaza. Ulifanya vizuri. Ulifanya kama mtoto wa baba.

Huku ilikuwa rahisi zaidi, hata udongo haukuhitajika. Jina moja, ukoo mmoja, pua moja ya bibi. Damu inatolewa chumba kingine, na mtu wa pale huangalia kitambulisho kama anavyoangalia ukuta. Galeboe alitaka kujua kama sindano inauma. Nikamwambia, kidogo. Akasema, "Basi twende, kabla sijabadili nia. Wewe ungenifanyia." Hakuuliza la pili.

Kwa hiyo Jumatatu naanza, siku zangu kumi na tano. Bega likigoma miaka mitatu ijayo, angalau miaka hiyo mitatu nitakuwa nimeiona. Wewe shika mkia na unyamaze, ndicho unachokiweza.

Dada yako


Sehithwa, 12 Aprili 2018

Dada,

Sikusalimu kwa urefu leo, naomba radhi. Mbuzi ni wazima, wewe ndiye niliye na wasiwasi naye. Barua hii imepanda basi la asubuhi. Kondakta ameniapia kwamba itakufikia mkononi kabla ya Jumapili, na nimeifunga kwa kila kitu kilichopo dukani.

Umeniambia ninyamaze, na ni kweli ndicho ninachokiweza. Nimenyamaza miaka ishirini na miwili. Sasa nisome polepole.

Wewe ulikuwa kijijini mwaka ule. Ulikuja kwenye kambi ya mifugo kwa kazi ya udongo tu, ukarudi. Mimi nililala huko na ng'ombe. Walikuwa wanakohoa, dada. Walikohoa wiki mbili kabla sindano yoyote haijafika. Si wote, sita, saba. Wanasimama shingo imenyooka, viwiko nje, wanakohoa kikohozi cha mzee anayeficha. Baba alisikia. Alinitazama nami nikamtazama, tukaenda kunywa maziwa mgando kama watu wasio na habari. Ndipo akamfikiria Phatshwana.

Na ikafaulu. Hapo ndipo hujui. Vichupa vitatu vya Phatshwana vilisema zizi letu ni safi. Mazizi yenye damu mbaya yalitengwa, yakawekewa uzio na mlinzi. Sisi tukaruhusiwa kuendelea kunywa kwenye kisima cha pamoja. Na nani alikuwa anakunywa nasi kisimani? Baba mdogo, na ng'ombe wake themanini, ambao hawakuwa na hata chafya. Baada ya mwezi na nusu wakaanza kukohoa wa baba mdogo. Ndipo wale watu wakarudi na bunduki, wakamaliza kila mwenye kwato pale kisimani.

Damu haikuwaua ng'ombe, dada. Damu ingesema kweli kama ingeulizwa. Mimi nilikuandikia vinginevyo kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana nyumbani kukumbuka, na mtu akikumbuka uongo muda mrefu unakuwa na mkia wake wa kushika.

Baba mdogo alikufa akiamini ni serikali. Binti yake akaacha shule ya ualimu mwaka huo, akafungua kibanda cha maandazi kituoni. Ndiye huyo aliyekunjua mkono wake juzi bila kuuliza la pili.

Kuhusu kurudishwa nyumbani: Rra Kgosidintsi ananiapia kwamba hakuna anayenyimwa mionzi kwa ajili ya kichupa hiki. Chembe zikikataa kufa, wanakupa kidogo kidogo kwa siku nyingi na wanakulinda bega. Basi. Hakuna bunduki. Siwezi kukulazimisha umwamini. Mimi mwenyewe nilimwuliza mara nne, na mara ya nne alinifukuza.

Sitampigia daktari. Nitakuachia wewe. Lakini mkia nimeuacha, sikamati tena.

Mdogo wako,
Monametsi


Gaborone, 8 Juni 2018

Monametsi mdogo wangu,

Nakusalimu. Umeandika mara mbili mwezi Mei nami sikukujibu. Ulistahili.

Barua yako ilifika Jumamosi jioni. Jumatatu asubuhi walinilaza kwenye meza, wakanichora msalaba kifuani, wakatoka wote, maana kwenye chumba kile anabaki anayechomwa peke yake. Nikamwambia dari, "Ngojeni." Dari halikunijibu, lakini kipaza sauti kilijibu, "Nini, mma?" Nikasema, "Damu si yangu."

Nikahesabu mpaka kumi na moja. Mma Seleka akaingia. Akaniuliza ya nani. Nikasema ya Galeboe Mosweu. Akatazama faili, akasema, "Lakini Galeboe Mosweu ni wewe." Nikasema, "Ndiyo, hiyo ndiyo shida yenyewe." Ilichukua nusu saa kuwaeleza, na nilipofika kwenye habari ya udongo mwekundu tayari walikuwa wanne wananisikiliza, na daktari hakuvua miwani safari hii. Hakucheka. Alisema, "Mama, ningekupiga kwa nguvu kwa sababu ya mkono wa mtu mwingine." Sauti yake haikuwa tamu. Ndipo nikaanza kumwamini kidogo.

Wakatoa damu yangu, nikakiangalia kichupa mpaka mlangoni. Jibu: chembe zangu zimegoma. Karibu hazifi. Zina ubishi wa ukoo wetu. Nikamuuliza, kwa hiyo nifunge virago? Akaniangalia kama mtu asiyeelewa lugha. Akasema, "Kwa hiyo siku ishirini na tano, kidogo kidogo, na kila jioni unatambaza vidole ukutani mpaka juu." Hicho tu. Mama wa kitanda cha pili amerudi pia. Alikuwa amekwenda msibani.

Jana nimemaliza. Ngozi imekuwa nyeusi na inawasha. Bado nawashuku, sitakuficha. Mtu hawezi kuacha kwa wiki tano kitu alichokizoea miaka yote. Lakini kila jioni natambaza vidole ukutani, na leo vimefika kwenye fremu ya dirisha. Ukuta wa hosteli umekandikwa vibaya sana.

Mimi langu nimelisema, nikiwa nimelala chali, nusu uchi, mbele ya watu wanne. Lako umemwambia nani? Umeniambia mimi, niliyempaka ng'ombe. Huko si kusema.

Binamu Galeboe yuko hapa tangu Jumatano, amekuja kunichukua. Anadhani alinisaidia na kwamba nilikamatwa kwa uzembe wangu, na ananicheka. Mimi nabaki mpaka Jumanne kwa ajili ya daktari, yeye anatangulia kesho kwa sababu ya kibanda. Barua yako ya tarehe kumi na mbili Aprili nimeikunja nimeitia ndani ya hii.

Anaibeba yeye. Safari ni siku nzima, na bahasha sikuifunga.

Dada yako,
Galeboe